Miaka Thelathini na Minne ya Kuwasemea Watoto Mahakamani

Binti yangu wa kwanza anastaafu tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na minne ya kuwa afisa ustawi wa jamii kwenye mahakama ya watoto. Habari zenu nyote. Wenzake walikuwa wanatafuta mtu wa kumwandikia, nikasema leteni kalamu hapa, nani anamjua kuliko mimi niliyembeba mgongoni?

Mtoto akishtakiwa, yeye ndiye humwandikia hakimu ripoti ya maisha yake. Hafungui jalada kabla hajafika nyumbani kwa mtoto na kuonyeshwa anapolala. Ametembea mpaka fundi viatu akambandika jina, Mama Soli. Mahakimu watatu wamepita, wote wamemsifu. Barua ninazo, ukija nitakuonyesha.

Kesi moja tu ndiyo ilimkosesha raha. Msichana wa miaka kumi na mitano alimpiga mvulana wa darasa lake kwa chupa iliyovunjika, mvulana akapoteza jicho. Mwendesha mashtaka akaomba kesi ihamishiwe mahakama ya watu wazima. Ofisi iligawanyika, na nyumbani pia. Nilimwambia, "Mwanangu, mkono uliofanya vile si wa mtoto." Akanijibu huku anamenya viazi, "Mama, mimi wa miaka kumi na mitano ulikuwa unanifungia kabati la sukari." Na ni kweli, ufunguo nilikuwa nao mimi.

Akaandika ripoti ndefu, nzuri, akiomba msichana abaki mahakama ya watoto. Hakimu akamrudishia. "Nimesoma habari za msichana tu. Aliyeumizwa yuko wapi?" Alikuwa amemsahau kabisa. Kosa hilo halifichi, huwasimulia maafisa wapya wote.

Kesho yake akaenda kwa mama wa yule mvulana. Hakukaribishwa kiti. "Huyo unamwita mtoto," yule mama akamwambia. "Wangu mimi utamwitaje?" Binti yangu akatoa kalamu. Aliyaandika maneno hayo kama yalivyo, ukurasa wa kwanza, na chini yake akaomba tena msichana ahukumiwe kama mtoto. Hakimu akakubali. Tangu siku hiyo ripoti zake zote huanza na aliyeumizwa, na sasa ofisi nzima inamfuata.

Msichana alikaa miaka mitatu shule ya maadilisho. Leo anashona sare za wanafunzi. Lakini mama wa mvulana hakukubali uamuzi ule. Kila mwaka binti yangu alikwenda kumjulia hali, akafukuzwa, akarudi, mpaka mwaka mmoja akaambiwa aketi.

Asante, mwanangu, kwa kunitembeza kifua mbele mtaani. Sasa kapumzike, ulale mpaka jua likuguse mguu, na afya isikuache.

Yule mama wa mvulana amesema atakuja kwenye sherehe ya kumuaga binti yangu, na akipewa nafasi atasema bado hakubaliani. Nimewaambia waandaaji apewe, tena mwanzoni. Nanyi msikose hata mmoja: Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa nne asubuhi, ukumbi wa mahakama.