Sufuria Linakwenda Rehani

Tangu mama mmoja apande treni katika kituo kilichopita na kuketi karibu naye, fundi cherehani hakutulia. Kila treni ilipoyumba, sufuria kubwa la mama huyo lilimgonga fundi goti.

"Mama, kuna shughuli wapi?" akauliza, umbeya ukimwasha.

"Hakuna shughuli. Naliweka rehani kwa wakopeshaji, wanipe mbegu na mbolea."

"Hawataki redio? Hawataki kuku?"

"Wanataka kitu ambacho hutalala mpaka ukikomboe."

Fundi akacheka, kisha akajuta kucheka. "Na watoto utawapikia nini?"

"Kuna kisufuria cha chai. Watakula kwa zamu mpaka mavuno."

"Haki ya Mungu, mimi nisingekopa!"

"Mwaka jana sikukopa, kaka. Sufuria nilikuwa nalo. Lilikaa jikoni miezi, linang'aa, halina cha kupika."

Fundi akajikuna shingo, akatazama dirishani, akageuka tena. Mtu wa kushindwa maneno hakuwa. "Haya, na mvua ikigoma je?"

Breki zikalia. Mama akasimama upesi, akajiwekea kata kichwani.

"Nitwishe, kaka, nateremka hapa."

Fundi akalikamata sufuria kwa mikono miwili. Lilikuwa bado lina joto la jiko la asubuhi.