Mikaratusi ya Ngassa Haina Hatia

Sogeeni, wanangu. Ferdinand, rudishia mlango mbuzi wasituingilie. Frida, niinulie mto kidogo, nataka niwaone nyote wawili ninaposema. Padre amekwisha kunipaka mafuta, daktari wa Biharamulo amekwisha kunirudisha nyumbani, na mtu aliyeagwa na hao wawili hana muda wa kuzungukazunguka.

Jana nilikusikia, Ferdinand, ukimwambia mkeo kwamba nikishazikwa utaingia mpakani na msumeno uiangushe mikaratusi mitano ya jirani yetu Ngassa, kwa sababu mizizi yake imeipasua nyumba ya baba yako. Maneno hayo ni yangu. Nilikulisha mimi, kabla hujaenda kutafuta maisha Kahama, na leo nataka uyateme.

Unaujua ufa wa chumba cha magharibi, alichokuwa akilala mama yenu, Melania. Ulianza kama uzi, ukafika mahali mkono unapita. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliuziba kwa saruji kila mwaka, na kila mwaka ulifunguka tena, kwa kuwa ugonjwa haukuwa ukutani. Nikatafuta wa kumlaumu. Ngassa alikuwa mgeni, ametoka Shinyanga na ng'ombe wake, na mikaratusi yake ilikuwa mirefu, inaonekana kutoka barabarani. Kila mtu anajua mkaratusi hunywa maji kama mlevi anywavyo rubisi. Basi siku moja, yeye akiwa mnadani, nilichukua shoka nikaangusha miwili.

Aliporudi hakunipeleka barazani. Alisimama juu ya visiki akasema, "Mzee Rwekaza, hizi zilikuwa mbao za paa la Kwandu, binti yangu." Akaondoka. Miaka tisa hatukuamkiana. Na ufa, wanangu, ukaendelea kupanuka.

Mwaka juzi Frida akamleta Restuta, fundi wa majengo kutoka mjini. Nilidhani atautazama mkaratusi, atikise kichwa, aniunge mkono. Akapima kwa utepe kutoka mti hadi ukutani: mita thelathini na moja, na mti wenyewe haufiki kimo cha mita ishirini, hivyo ni vigumu mizizi yake kufika. Kisha akaniuliza, "Babu, ufa huu hupanuka kiangazi au masika?"

Miaka yote ile nalaumu, sikuwahi kuutazama.

Akanieleza taratibu, kama anamfundisha mtoto. Mti ulio karibu na nyumba, penye udongo wa mfinyanzi, huinyonya ardhi wakati wa ukame, ardhi ikasinyaa, nyumba ikazama. Mvua zikirudi, udongo huvimba na ufa hujifumba. Kwa hiyo mti huhukumiwa kwa majira, wala si kwa urefu wake. Akagandisha kipande cha kioo juu ya ufa, akachora mistari ya penseli na tarehe, akamwachia Frida kazi ya kupima kila mwisho wa mwezi. Kiangazi chote kioo kilikaa kizima. Mvua za Novemba hazikumaliza wiki mbili, kikapasuka: ufa wetu ulikuwa wa mvua, si wa ukame.

Akarudi, akachimba penye pembe ya nyumba. Mzizi wa mkaratusi haukuonekana hata mmoja. Tulikuta majivu, vipande vya matofali, na tope laini ambalo koleo lilizama bila kusukumwa. Restuta akaniangalia. "Babu, hapa palikuwa na shimo."

Nilijua. Ngoja nipumue. Nilijua tangu siku ya kwanza, wanangu. Ndipo tulipochimba udongo wa kufyatulia matofali ya nyumba hii. Fundi Celestini alinionya nisijenge juu yake, nami nikamwambia aendelee, kwa sababu Melania alikuwa na mimba yako, Frida, na mvua zilikuwa zinanukia. Nikalijaza kwa takataka, na maji ya paa yakawa yanalimwagikia masika yote. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi niliumbuliwa na koleo, na nashukuru kwamba nilikuwa hai.

Nikaenda kwa Ngassa kwa fimbo yangu, nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Akasema, "Mzee, mbao nilikwisha kuzisahau. Nilikuwa naingoja miguu yako." Akanipa kiti. Kesho yake alikuja na wanawe wawili na makoleo, tukafukua tope lote, tukajaza mawe na zege hadi kwenye udongo mgumu, na maji ya paa tukayaelekeza bondeni. Masika haya yamepita na ukuta haukusogea hata unene wa ukucha.

Basi shikeni haya. Nyumba ni ya Frida, na chumba cha magharibi alale mtu, kisigeuzwe stoo. Migomba na shamba la bondeni ni vyako, Ferdinand, isipokuwa misindano minne ya kandokando ya njia: hiyo pasua mbao, umpelekee Kwandu mwenyewe, umwambie ni za paa lake. Mikaratusi mitano iacheni isimame. Wala msipande mti mkubwa karibu na ukuta. Na ukiwapo mkongwe karibu, msiukate kwa hasira, mwiteni anayejua, maana ardhi iliyozoea kunyonywa nayo huvimba ikiachwa ghafla.

Ferdinand, usiiname. Nilikurithisha uadui nikiwa na nguvu, nami nimepewa siku za kuuchukua tena. Wangapi hupewa?

Nipe maji, Frida... basi, yanatosha.

Siku ya maziko Ngassa asikae na wageni. Mpeni jembe. Atupe udongo pamoja nanyi... yeye katikati yenu.

Mungu aliyewapa mama yule awape na majirani. Mkianguka, mkono uwe karibu. Watoto wenu... wawazidi. Ferdinand, nenda... nenda kamwamkie mzee Ngassa, sasa hivi, kungali mchana. Mwambie... mwambie nimekutuma.