Tangi Namba Tatu: Risala ya Wakazi wa Savann Kalbas kwa Mwenyekiti wa Shirika la Kiota

Mgeni rasmi, Daktari Ghislène Bonnaventure, Mwenyekiti wa Bodi ya Shirika la Kiota, Mkurugenzi wa shirika hapa Haiti, Baba Paroko, walimu, wazazi na watoto wetu: hamjambo.

MAKARIBISHO

Mgeni rasmi, karibu Savann Kalbas. Aya hii tumeiongeza asubuhi ya leo. Tumearifiwa kwamba gari lako lilikwama kivukoni, ukavua viatu na kuvuka mto kwa miguu. Akina mama waliokuwa wakifua pale walitufikishia habari kabla hujafika. Walisema, "Huyu si mgeni wa kubebwa." Basi tumekupikia supu ya boga, ambayo kwa desturi huliwa siku ya Mwaka Mpya. Tumeivunja desturi kwa makusudi, na wapishi wametuomba tuwe wafupi ili isipoe.

HISTORIA

Sisi ni familia arobaini na moja. Wengi wetu tulikata miwa nchi jirani, na wengine tulizaliwa huko huko, kwenye mabanda ya wakata miwa. Tulipofukuzwa, tulivushwa mpaka na kuachwa kando ya mto mkavu, tukaishi kwenye vibanda vya maboksi na matambara. Hatukuwa wageni wa nchi ile wala wenyeji wa hii. Shirika la Kiota lilitukuta pale, likanunua ardhi hii na kutuleta kwa malori miaka sita iliyopita.

Tunapenda kusema ukweli kuhusu siku ile ya kwanza. Hatukushangilia. Tulikuwa tumehamishwa mara nyingi mno hata hatukuweza kushangilia lori. Baadhi yetu hatukufungua mizigo kwa mwezi mzima.

MAFANIKIO

Chakula cha msaada kilikoma miaka miwili iliyopita, kwa ombi letu wenyewe. Tunalima mtama, mbaazi, mihogo na karanga. Watoto wa shule hula mbaazi za mashamba ya hapa hapa. Tanuru la mkate wa muhogo linawaka siku nne kwa wiki, na kila Alhamisi mkate wetu huisha sokoni kabla jua halijawa kali.

Shirika lilitujengea nyumba kwa mistari iliyonyooka. Kazi ya shamba, hata hivyo, tunaifanya kwa mtindo wetu wa konbit: baragumu la kome likilia, watu hukusanyika kwenye shamba la mmoja, kesho la mwingine. Mwenye shamba hupika. Anayepika vibaya huambiwa hapo hapo, na nyimbo zipo kwa ajili hiyo.

Kwa ufupi, mgeni rasmi, hatuna njaa, na watoto wetu wanasoma. Tumeridhika, na neno hilo hatulitumii kwa adabu tu.

CHANGAMOTO

Kivuko umekiona mwenyewe, kwa hiyo hatutakieleza.

Maji hupungua mwezi wa tatu. Tangi la kwanza na la pili yanatosha tukiyatunza. Kuhusu tangi la tatu, tunaomba kusahihisha maelezo uliyopewa.

Katika kitabu cha mwaka cha shirika kuna picha ya sanduku la zege lililoko kilimani, lililochimbiwa nusu ardhini na kuandikwa namba tatu kwa rangi ya buluu. Maelezo yanasema ni tangi la maji lililojengwa na wakazi kwa hiari yao. Ni kweli kwamba lilijengwa na wakazi, na kwa hiari yao. Lakini si tangi. Ni kaburi.

Ni kaburi la Bibi Oranie Saintélus, ambaye amekaa mstari wa pili, mwenye kitambaa cheupe kichwani. Ametuagiza tueleze kwamba haumwi.

Wewe ni mtoto wa nchi hii, mgeni rasmi, na unajua kwamba kwetu mtu mwenye akili hujenga kaburi lake angali na nguvu za kumsimamia fundi. Bibi Oranie alimsimamia Fundi Filoklè kuanzia jiwe la kwanza. Kazi ilikuwa imefika kwenye mfuniko wakati Mhandisi Torben wa shirika alipopita kukagua mabomba. Ukutani hapakuwa bado na jina wala msalaba, na huko kwao ng'ambo makaburi hayajengwi hivi. Aligonga zege, akafurahi.

"Fundi, hili ni imara kuliko yangu yote! Litatosha familia ngapi?"

Fundi Filoklè alimtazama Bibi Oranie. Bibi Oranie akajibu, "Litanitosha mimi, mwanangu."

"Wewe peke yako, Bibi? Na majirani je?"

"Majirani wana mikono. Wajenge ya kwao."

Mhandisi alicheka, akapaka namba, akaketi juu yake na kula mkate wa muhogo na siagi ya karanga. Kabla ya kuondoka alituachia mifuko minne ya saruji ya kumalizia. Saruji hiyo tuliitumia kuziba ufa wa tangi namba mbili, ambalo sasa halivuji.

Tulimuuliza Bibi Oranie kwa nini hakumwambia. Akasema, "Kijana alikuwa na furaha na alikuwa anakula. Nani anamwinua mtu mezani kwa habari kama hiyo?"

Wiki iliyopita tulimweleza Mhandisi sisi wenyewe. Alishika kichwa. "Nilikula pale juu!"

"Ulikula vizuri," Bibi Oranie alimwambia. "Hukumwaga hata makombo."

Alituomba radhi, nasi tukamwambia hakuna deni. Lakini alitufahamisha pia kwamba kilima kile kimetengwa kwa ajili ya nyumba ya wageni wa shirika, kwamba jiwe la msingi litawekwa leo, na kwamba katika mchoro uliopitishwa, bomba la jikoni linatoka tangi namba tatu. Kubadili mchoro hakumo katika uwezo wake. Kumo katika uwezo wako.

Mgeni rasmi, ramani ya kijiji chetu ina shule, zahanati, ghala, uwanja wa mpira na zizi la mbuzi. Haina makaburi. Hatusemi haya kwa kulaumu. Siku tulipoonyeshwa ramani hiyo tuliitazama pande zote, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza tutazikwa wapi. Wakati ule hakuna aliyekuwa na nia ya kukaa.

Tangu tufike, wenzetu saba wamefariki. Watano wamelazwa mjini katika makaburi ya kuazima, ambamo mifupa hutolewa baada ya miaka michache ili kumpisha mwingine. Wawili walirudishwa mpakani, kwa kuwa huko angalau kulikuwa na ndugu. Mtu aliyehamishwa maisha yake yote bado anahamishwa akiwa amekufa. Na kila Novemba, siku ya wafu, watoto hutuuliza mishumaa iwekwe wapi. Mwaka jana tuliiweka juu ya kaburi la Bibi Oranie, lililo tupu, kwa ajili ya wote tuliowaacha njiani. Yeye mwenyewe alishika kiberiti. "Waazimeni," alisema. "Mimi bado silitumii."

Mkurugenzi alimfariji kwamba ana miaka mingi mbele yake. Alijibu, "Sikusema naondoka, mwanangu. Nauliza tu mlango uko wapi."

MAOMBI

Tunaomba mawe ya kuvukia kivukoni. Kazi tutafanya sisi.

Tunaomba nyumba ya wageni ijengwe kwenye mteremko chini ya shule, penye kivuli na karibu na tanuru. Wageni wetu walale karibu na walio hai.

Tunaomba kilima kiandikwe kwenye ramani kuwa makaburi ya Savann Kalbas. Kijiji kinachojitegemea hakiazimi mahali pa kuzika watu wake.

Bibi Oranie ana ombi la nyongeza, nasi tumelipitisha kwa kura. Namba tatu isifutwe. Anasema hajawahi kuishi mahali penye namba, na hii anataka kuwa nayo.

HITIMISHO

Mgeni rasmi, mwiko na saruji viko tayari. Tumechimba mashimo mawili ya jiwe la msingi: moja kilimani, kama mchoro unavyotaka, na moja chini ya shule. Njia zote mbili zimefagiliwa. Tutakufuata utakakoelekea, nasi hatutainua sauti. Lakini asubuhi Bibi Oranie alishabeba kiti chake cha nyumbani na kukiweka chini ya shule, na anasema huko ndiko atakakokungojea.

Mungu akuvushe kivuko salama utakaporudi. Akupe miaka mingi na chakula kitamu. Na siku yako itakapofika, iwe mbali sana, ulale mahali ambapo watoto wako wanajua pa kuweka mshumaa.

Ni sisi, wakazi wa Savann Kalbas, tuliofungua mizigo.