Gaspard Chastaing na Barua Iliyobaki Mezani

Ndugu waombolezaji, marehemu Gaspard Étienne Chastaing alizaliwa tarehe 4 Machi 1948 mjini Saint-Flour, mtoto wa pili wa mtengeneza jibini Antonin Chastaing, akasoma hapa hapa hadi mwaka 1966, kisha akaenda Paris, na mwaka 1974 akahitimu chuo cha utawala, baba yake akazunguka mji mzima akijigamba hadi watu wakamkimbia.

Mwaka 1977 alifunga ndoa na Solange Delpuech, wakajaliwa binti mmoja, Mathilde, anayewasomea haya, wakahama mara kumi na moja, maana serikali humhamisha mkuu wa mkoa kama yeye kabla hajazoea majina ya mitaa, mpaka mwaka 1995 Solange akachoka na vitanda vya serikali, akarudi kwao.

Januari 2004 marehemu alihamishwa kutoka mkoa wa Varcelles, na desturi ya wakuu wa mikoa ni kwamba anayetoka huondoka kabla anayeingia hajafika, wala hamwachii mwenzake uamuzi mzito uliokwisha kukatwa. Ijumaa tarehe 30, Bibi Odile Fabrègue, meya wa mji wa Montaurel mkoani humo, aliyekwisha kumwandikia kuomba amri ya kuwahamisha watu wa kando ya mto, alimpigia simu.

“Mkuu, tuta la kuzuia mto linavuja, tia sahihi leo hii!”

“Bibi Meya, mwenzangu anaingia Jumatatu, si adabu kumfunga mikono.”

“Haya, kauambie mto habari za adabu!”

Marehemu akaiacha barua ya meya mezani, juu kabisa, ionekane, akaondoka. Tuta lilipasuka Jumapili, watu saba wakafa.

Tume ya uchunguzi haikumwona na kosa, akastaafu mwaka 2008 na nishani kifuani, lakini majuto ni mjukuu, na kila Februari mosi alikwenda Montaurel kubisha hodi kwenye nyumba za wafiwa wa wale saba, asifunguliwe hata mlango mmoja.

Saratani ya mapafu ilimwanza mwaka 2021, akafariki tarehe 9 Novemba 2023 katika hospitali ya hapa mjini, akiwa ameomba jambo moja tu, mtu yeyote wa Montaurel aje amzike. Juzi Mathilde alimpigia Bibi Fabrègue.

“Pole, mwanangu,” alisema, “nimewauliza wote. Hatuji.”

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mlioleta supu kila siku, na wenzake wa kazi mliotoka mbali.

Baba, pumzika kwa amani, ukiipata huko, maana huku tumekuombea tukanyimwa.