Mchele wa Hitima Yangu

Milioni tatu na laki nne, Yussuf, na usiniambie "Baba, punguza sauti," sauti ni yangu na nyumba ni yangu, majirani wakisikia na wasikie, si ndio hao mliokuwa mnawahesabia sahani? Kaa chini. Thuwaiba, acha kulia mwanangu, ninyanyulie huo mto, hivyo, basi. Rafaeli, wewe sikukuzaa lakini nimekufundisha kushika randa miaka tisa, chukua kalamu uandike, na jirani yetu Yakoub ni shahidi, maana huu ni wosia na sitaurudia. Pumzi yenyewe mnaisikia.

Nilianguka kwenye kenchi ya paa kule Ushongo nikiezeka nyumba ya wageni, mwaka wa sita huu, kiunoni kwenda chini pakafa. Dar wakanifunga mgongo kwa nondo mbili na skrubu nane, kama unavyounga mguu wa kitanda uliovunjika, na mimi nikaridhika, kwa sababu ile ni kazi ninayoielewa. Mwaka juzi nikaanza kusikia mlio kila mnaponigeuza, tak, tak, miguu inaruka yenyewe, jasho linanitoka kichwani na jua hakuna. Nikasema chuma kimelegea. Useremala sikuusomea popote, lakini skrubu nimefunga miaka thelathini, na iliyolegea naijua kwa mlio. Nikauza minazi yangu ya Mwera, niliyoipanda na mama yenu, Mungu amrehemu, milioni tatu na laki nne taslimu, nikakukabidhi wewe Yussuf mkononi, tukaenda Dar kupiga picha ya mgongo.

Daktari akakuita wewe. Mimi nikaachwa kwenye kigari pale ukumbini, kana kwamba miguu ikifa na masikio yamekufa. Ndivyo tulivyozoea, mgonjwa haambiwi, anaambiwa mwenye mgonjwa. Ukatoka unacheka: "Picha safi, Baba. Turudi nyumbani, hela tuitunze." Nikakuamini. Nikakununulia na soda.

Jana tabibu wa zahanati kafungua kidonda cha mgongoni, kakuta usaha na ncha ya chuma inachungulia, akasoma daftari langu la hospitali, akaniuliza, "Mzee, mbona mliambiwa vyuma vitolewe tangu mwaka juzi?" Picha ikatoka chini ya godoro lako. Nimeiinua dirishani kwa mikono yangu. Skrubu mbili zimekatika na nondo imechomoka mahali pake. Hata mtoto wa chekechea angeona.

Na leo baada ya alasiri, mkidhani nimelala, nawasikia nyuma ya pazia: mchele kilo mia na hamsini, mbuzi watatu, turubai la kukodi, wasomaji wa hitima wasiondoke mikono mitupu. "Baba ni mtu wa watu," unamwambia dada yako, "tukimzika kinyonge Pangani nzima itatucheka." Ndipo nikajua kuwa hela yangu ya kutibiwa mmeiweka ya kunizikia.

Hukuiba. Ungeiba ningekuelewa, ningesema kijana alikuwa na shida. Wewe umekaa nayo miaka miwili, hukugusa hata shilingi, unanisubiri nife. Unasema daktari alikwambia naweza kufia kwenye meza ya upasuaji, nusu kufa, nusu kupona. Ile nusu ya kupona ilikuwa yangu, Yussuf! Ungeniuliza. Wallahi hata mbao ya mtu sijapata kuikata bila kumuuliza mwenyewe.

Na wewe Thuwaiba, unaniogesha kila siku. Ulikiona kile kinundu kabla hakijawa kidonda. Nikakuuliza, "Kuna nini hapo, mbona mkono umesimama?" Ukanijibu, "Upele wa joto, Baba." Mimi mgongo wangu siuoni wala siusikii, mwanangu. Wewe ndiye uliyekuwa macho yangu ya nyuma.

Kitanda nilichomtengenezea Bi Nasima wa Bweni kililegea miguu, naye hakulalamika. Nikavuka kwa pantoni mara tatu kukikaza, kwa nauli yangu, mpaka kikatulia. Hivyo ndivyo nilivyofanya kazi na watu. Nilidhani mliniona.

Andika, Rafaeli. Nyumba na kiwanja vigawanywe kisheria, mimi mirathi siigusi. Katika theluthi yangu ya wosia, randa, misumeno na meza ya kazi ni vyako, na usimwazime mtu ule msumeno mdogo. Alexander wa mbao ananidai mbao tatu za mvule, alipwe. Nikifa, jeneza likiwekwa chini na watu wakaulizwa nani anamdai marehemu, anayenidai ajibiwe kwa heshima. Halafu wewe, Yussuf, usimame mbele ya watu wote useme na upande wa pili, kwamba marehemu alikuwa anakudai wewe. Useme kwa kinywa chako. Asikusaidie mtu.

Pilau sitaki. Tende na kahawa zinatosha, atakayecheka na acheke. Nikifia mezani nizikwe hukohuko Dar, msikodi gari la kunirudisha. Vyuma vikitoka nataka kuviona, nisipokuwepo... Rafaeli avioshe, avitie kwenye sanduku la vifaa.

Maji, Thuwaiba. Kidogo tu... basi.

Radhi. Nawapa radhi yangu, wote wawili, sasa hivi, bila sharti, kwa sababu Yussuf umenibeba kwenda chooni miaka sita hujanikunjia uso hata siku moja, na wewe Thuwaiba mikono yako... mikono yako naijua. Radhi sifanyi biashara nayo. Mungu awape afya, awape riziki, na awape watoto watakaowaambia ukweli hata ukiwa mbaya.

Hiyo ni radhi. Hela ni jambo lingine. Basi la Dar linaondoka alfajiri, na mimi... nitakuwemo, hata mkinilaza kwenye ujia. Usinishike mkono, Yussuf. Usinibusu kichwa. Inuka, nenda kwenye sanduku lako. Milioni tatu... na laki nne. Ziweke hapa, juu ya shuka, nizione.