Sentensi Moja Anayodai Mzee Jonan Obbo

Mchungaji, wazee wa ukoo, wakwe zetu kutoka Busia, majirani wa Mulanda, mliopata kivuli cha turubai na mliokosa, familia imempa Joanita, kifungua mimba wa marehemu, kazi ya kuwasomea maisha ya baba yake, naye anaomba mvumilie, kwa sababu karatasi hii haikupakwa asali.

Mzee Jonan Obbo alizaliwa tarehe 17 Agosti 1958 hapa Mulanda, akasoma shule ya msingi papa hapa kuanzia mwaka 1966 hadi 1972, akaendelea na sekondari mjini Tororo hadi 1976, ambako walimu walimjua kwa hesabu na kwa ubishi wa kutokubali jibu asilolitafuta mwenyewe, tabia iliyomletea viboko utotoni na makubwa zaidi uzeeni.

Mwezi Machi 1981 aliajiriwa kuwa askari wa wanyamapori, mwaka 1990 akawa mkufunzi wa shabaha, akastaafu kwa heshima tarehe 30 Juni 2013, bila doa. Tarehe 12 Desemba 1987 alifunga ndoa kanisani na Kevina Nerima, binti wa Kisamia kutoka Busia, wakajaliwa Joanita, Owori na Shallon, na wajukuu watano, na Mama Kevina anasema bunduki haikuwahi kulala katika nyumba yake, ila habari za bunduki zilikula naye mezani kila siku ya Mungu.

Mwaka 2016 chama cha walenga shabaha kilipoanzishwa pale Iyolwa, marehemu aliitwa awe mkufunzi, akakubali, na kwa miaka sita alifundisha watu kupiga kibao kilicho mita mia nane, hadi mwezi Novemba 2022 chama kilipoamua kununua darubini mpya za bunduki, na hapo ndipo maneno yalipoanzia.

Kwa wasiojua, ndani ya darubini hizo mna nyuzi mbili zilizopishana, na juu ya nyuzi mna vialama kama vya rula, ambavyo mlengaji huvihesabu ili ajue ainue bunduki kiasi gani kwa umbali, na aisogeze kiasi gani kwa upepo. Ziko nyuzi zinazokua na kupungua pamoja na picha, kwa hiyo kipimo chake ni kilekile daima, na ziko zisizobadilika, ambazo kipimo chake ni cha kweli pale tu unapoivuta picha karibu hadi mwisho. Marehemu alitaka zile za kwanza, kwa kuwa jua la mchana likipanda Iyolwa hewa huchezacheza juu ya ardhi, na mlengaji hulazimika kuirudisha picha nyuma ili akione kibao.

Bwana Oriokot, mwenyekiti wa chama, ambaye yuko nasi katika mstari wa mbele na tunamkaribisha, alikaa na kamati yake katika ofisi ya chama mjini Tororo, asubuhi yenye ubaridi, wakapokezana darubini kama mrija wa pombe ya malwa, kila mmoja akilenga kibao cha duka la ng'ambo ya barabara, picha imevutwa hadi mwisho, wakachagua zile za pili kwa sababu nyuzi zake ni nene na zinapendeza. Marehemu aliwaambia, "Hii rula inadanganya, mimi siwezi fundisha watu na rula ya uongo," nao wakacheka.

Jumamosi tarehe 18 Februari 2023 wenzetu wa upande wa Kenya walikuja kushindana nasi, saa saba mchana picha zikarudishwa nyuma hadi nusu, marehemu akawaambia walengaji wake waache vialama na badala yake wazungushe kirungu cha juu ya darubini, kinachopandisha shabaha bila kuhesabu vialama, mwenyekiti akaamuru wafuate kijitabu kilichokuja na darubini, wahesabu vialama, na risasi zote zikapita juu ya vibao zikafukua udongo wa kilima, mbele ya wageni. Tarehe 27 mwezi huohuo marehemu aliandikiwa barua kwamba ameondolewa kazini kwa kuwa alitoa vipimo vibaya, na kwamba, kama mwenyekiti alivyomwambia uso kwa uso, "Mzee, macho imechoka."

Tarehe 14 Machi 2023 alikwenda kupimwa macho, akasoma ubao hadi mstari wa mwisho kabisa, akaipeleka karatasi ya daktari ofisini kwa mkono wake, akaomba barua ifutwe kwa sentensi moja tu, na hadi anafariki hakujibiwa. Inatuuma, na hatutajifanya haitutii uchungu.

Figo zilianza kumsumbua Mei 2024, akalazwa mjini Tororo tarehe 26 Mei 2025, na kila mlango wa wodi ulipofunguliwa aliuliza kama ni mtu wa chama. Alhamisi iliyopita Bwana Mukhwana, mtunza ghala wa chama, alikuja kuhani akamwambia mjane ukweli, kwamba tarehe 2 Juni chama kilipokea darubini nyingine, zenye nyuzi zinazokua na picha, zilezile alizozitaka marehemu. Alifariki tarehe 9 Julai. Siku thelathini na saba walijua kwamba alisema kweli, na kutoka ofisini hadi kitandani kwake ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu.

Leo asubuhi Joanita alipewa karatasi na mwenyekiti, imeandikwa kwamba marehemu "alipumzika ukufunzi kwa hiari yake kutokana na umri," aisome hapa. Ameisoma, mmeisikia, ni uongo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi ambao hawakuchoka naye, majirani mliolima shamba lake alipokuwa hawezi, wakwe mliokuja na chakula, na Bwana Mukhwana, aliyefanya peke yake kazi ya kamati nzima.

Kwa desturi yetu, kabla ya udongo kuingia huulizwa kama kuna mwenye dai na marehemu, na tumeuliza, hakuna aliyesimama. Basi marehemu ndiye mwenye dai, anadai sentensi moja, kwamba macho yake yalikuwa mazima na vipimo vyake vilikuwa sahihi, na anayedaiwa anafahamika. Kabla ya kuisema, mkono wake hautashika udongo wa kaburi hili.

Pumzika kwa amani, baba. Sisi tumesimama hapa na sepetu, tunamsubiri Bwana Oriokot ainuke.