Chumvi ya Kichanga

Umewahi kuona mtoto mchanga akinyweshwa maji ya chumvi? Mie nilimwona kwenye pantoni ya Kigamboni, mwaka televisheni zilipoanza huku kwetu. Binti aliyekaa kando yangu alimnywesha mwanawe kwa kijiko, taratibu. Mama mmoja mwenye ndoo ya dagaa akamkemea, "Chumvi kwa kichanga? Utamuua, mwanangu."

Binti hakukasirika. "Shikamoo, mama. Ni dawa hii, pamoja na vidonge. Mwili wake hauna kimeng'enya cha kugeuza homoni moja iwe nyingine, ile inayozuia chumvi isipotee kwenye mkojo. Alikuwa anatapika, kalegea kama kitambaa. Namshukuru Mungu, na daktari pia. Sasa ananyonya mpaka nachoka mie."

"Marahaba. Kesho hao madaktari watakwambia umtie na pilipili," mama akaguna. Lakini mkono wake ulishafika kwenye paja la mtoto, ukilipima kama anavyopima samaki. "Limejaa," akakubali. "Pole, mwanangu."

Pantoni ikagusa gati. Binti akakaza mbeleko. "Pole nimepewa nyingi, mama. Tangu nijifungue, hakuna aliyenipa hongera. Nilikuwa naitaka hiyo."